Bolti Nne za Mwisho

Muharraq, 3 Mei

Mwanangu Ghalia,

Assalamu alaikum. Sisi huku wazima. Joto limeshaanza kutupima, goti la mama yako ni lile lile, na sukari yangu iko pale pale daktari alipoiacha. Wewe je, unakula? Nasikia huko kaskazini ni viazi asubuhi na viazi jioni. Mama yako anauliza kama ile chupa ya mahyawa, mchuzi wake wa samaki, ilifika salama au ilikuvunjikia kwenye nguo. Kama ilivunjika, usimwambie.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu siziamini, unanijua. Hii bahasha nayo uitazame vizuri kabla ya kuifungua. Nimetia gundi yangu juu ya gundi ya kiwandani, na nimepitisha sahihi juu ya mkunjo. Ukikuta sahihi haikutani, ujue kuna mtu ametutangulia kusoma.

Sasa jambo lenyewe. Juzi jirani yetu Bu Nawaf alikuja barazani na gazeti. Ukurasa wa mbele kuna picha: wewe, na mwanawe Nawaf, na wenzenu saba, mmevaa nguo nyeupe mpaka kwenye nyusi, mmelizunguka sanduku ukubwa wa friji ndogo. Juu wameandika kwamba setilaiti hiyo imetengenezwa kwa mikono ya watoto wa Bahrain. Baraza zima likafurahi. Mimi nikaendelea na kahawa yangu.

Ghalia, baba yako alikaa forodhani miaka thelathini na moja. Nimefungua madebe yaliyoandikwa asali nikakuta saa za mkononi. Nimefungua mazulia ya Kiajemi ambayo hayajawahi kuiona Uajemi. Nchi yetu mtu anaizunguka kwa gari na thermosi ya chai haijapoa, leo tunapeleka chombo angani? Nina wasiwasi mmevishwa kilemba cha ukoka. Wageni wametengeneza, nyinyi mmewekwa pembeni mpigwe picha. Nijibu kama mtu aliyesimama mbele ya meza yangu bandarini: ndani ya hilo sanduku, kitu gani umekifanya wewe? Kimoja tu. Usinitajie timu.

Bu Nawaf anasema nina husuda. Husuda na mwanangu mwenyewe, jamani.

Baba yako

*

14 Mei

Baba yangu mpenzi,

Wa alaikumu salaam. Mimi mzima, nakula, na si viazi tu. Mahyawa ilifika salama, ila kila nikifungua chupa jirani wa chini anagonga dari kwa fagio. Sahihi yako ilikutana sawasawa. Gundi yako ndiyo imenichania barua, nimeisoma vipande vipande kama fumbo.

Swali lako limeniudhi, nakwambia wazi. Halafu nikacheka, kwa sababu nilikuwa nalisubiri.

Haya, niko mbele ya meza yako. Vioo vya kuvuna jua tumenunua. Kompyuta ya ndani tumenunua. Kamera wamechora wenzangu wawili na kioo chake kimetoka nje. Lakini kiti cha antena ni changu. Nimekichora mara kumi na moja, kimekatwa kwenye karakana kule Hidd mbele ya macho yangu, na mwezi wa Ramadhani nimekifunga mwenyewe kwa bolti sitini na nne. Kikilegea, antena inacheza, na setilaiti yetu itakuwa bubu huko juu. Hicho ndicho changu.

Kila bolti ina watu wawili. Mmoja anakaza kwa spana inayopima nguvu. Mwenzake anasimama anatazama, halafu huyo mtazamaji anapaka mstari mwembamba wa rangi ya buluu kutoka kichwa cha bolti mpaka kwenye chuma. Bolti ikija kugeuka hata kidogo, mstari unakatika na kila mtu anaona. Mwisho wote wawili wanatia sahihi kwenye karatasi. Mimi nilikuwa mkazaji, Nawaf mtazamaji.

Setilaiti tumeileta huku kwa sababu kwetu hakuna mashine ya kuitikisa kama roketi itakavyoitikisa. Tukimaliza, inakwenda moja kwa moja kupandishwa kwenye roketi mwezi wa Agosti, na roketi haimsubiri mtu. Kwa sasa sanduku liko ghalani chini ya fundi mmoja, Marek, mtu mzima kama wewe, maneno machache. Simu zetu anazifungia kabatini kila asubuhi, kwa hiyo karatasi yako imefaa kuliko unavyodhani.

Umeridhika, bwana forodha?

Binti yako,
Ghalia

*

Muharraq, 25 Mei

Mwanangu,

Alhamdulillahi kwa afya yako. Mama yako amefurahi kuhusu mahyawa na anasema huyo jirani wa chini hana adabu. Kwetu hakuna jipya ila kiyoyozi cha sebuleni kimeanza kukohoa.

Nimeridhika kwa robo tatu. Barua yako nimeisoma barazani, ile sehemu ya kiti cha antena tu, mara mbili, kwa sababu Bu Nawaf alijidai hakusikia. Kumbe mwanawe ni mtazamaji. Nikamwambia: wangu anafanya, wako anatazama. Amenuna mpaka leo.

Robo iliyobaki ni huyo Mareki. Umeniambia mambo matatu juu yake na yote matatu hayanipendezi. Anashika funguo, anashika simu zenu, na hasemi. Mtu anayeshika funguo na hasemi, mimi machale yananicheza. Je, kuna daftari la kuingia ghalani? Nani anaingia Jumapili mkiwa mmelala? Mlango una utepe wa kuziba au mnaamini kufuli tu? Na Nawaf naye mwangalie. Kijana anayeamkia kila mtu kwa heshima vile, sijui anaficha nini.

Usiniambie nimezeeka. Chunguza.

Baba yako

*

7 Juni

Baba yangu,

Salamu zangu kwako na kwa mama. Afya ipo, usingizi ndio umekuwa wa shida.

Nimesoma barua yako nikaicheka, na siku ya nne yake kicheko kikaisha. Tumeitikisa Jumatano. Dakika ya kwanza vizuri, ya pili vizuri, ya tatu mistari kwenye skrini ikahama. Wakazima mashine. Nikaweka sikio karibu na sanduku, mkuu wetu akaligusa kidogo, na ndani kukasikika mlio. Tik. Kitu kinacheza.

Wakaleta karatasi zetu zote. Karatasi zinasema kila bolti imekazwa na imetazamwa, sahihi ziko kamili. Sasa swali likageuka: kama iliondoka Bahrain ikiwa nzima, nani ameigusa huku? Ndipo mwenzetu mmoja akasema kwamba Jumatatu asubuhi aliukuta utepe wa mlango wa ghala umechanika. Hakuna aliyelitilia maanani siku ile. Daftari limefunguliwa, na Jumapili kuna jina moja tu, la Marek, saa nane mchana. Yeye anasema king'ora cha joto kililia, akaingia akazima, akatoka. Anaulizwa mbona hakuandika sababu. Anasema hajawahi kuandika sababu maisha yake yote.

Wenzangu hawamsalimii tena. Chai aliyokuwa akituchemshia tunajichemshia wenyewe sasa. Jumatatu tutafungua ubavu wa sanduku tuone ni nini. Tutafungua mimi na Nawaf, kwa sababu upande ule ni wetu na mkuu hataki mkono wa mgeni uguse tena.

Tuombee.

Ghalia

*

Muharraq, 17 Juni

Mwanangu, kipenzi changu,

Tunakuombea kila sala. Pole sana. Mama yako hataki kula tangu nilipomsomea.

Lakini nilisema au sikusema? Nilikutajia mtu, nikakutajia siku. Sina furaha nalo, basi tu miaka thelathini na moja haiendi bure. Nimewaeleza barazani. Mpwa wa Bu Nawaf anaandika gazetini, na leo asubuhi kumetoka habari fupi: mkono wa nje waharibu kazi ya vijana wetu? Wameweka alama ya kuuliza, lakini hakuna anayeisoma alama ya kuuliza. Dukani watu wananisimamisha. Wanasema wakubwa hawataki nchi ndogo ifike juu. Mimi natikisa kichwa tu, nawaachia wamalizie.

Sasa nisikilize. Usiwape nafasi ya kujadili. Huyo Mareki abanwe swali lile lile mara tatu kwa siku tatu tofauti, na kila jibu liandikwe. Mwongo hubadilisha mambo madogo, yale makubwa ameshayakariri. Muulizeni alivaa nini. Muulizeni aliingia na mguu upi. Mimi nimewatoa watu jasho kwa maswali hayo.

Nawaf anasemaje? Baba yake ananiambia kijana amekuwa kimya kwenye simu.

Baba yako

*

30 Juni

Baba,

Natumaini barua hii itawakuta salama. Ukimaliza kusoma hii usimsomee mama, na usiipeleke barazani. Nakuomba kwa Mungu.

Tulifungua ubavu. Bolti nne za mwisho, zile za pembe ya ndani nyuma ya antena, zilikuwa zinacheza zikiguswa. Na juu ya kila moja kulikuwa na mstari wa buluu. Mzima, baba. Haukukatika popote. Nilikueleza maana yake: tangu mstari ule upakwe, bolti zile hazijageuzwa na mtu yeyote. Si Marek, si mwingine. Zilipakwa rangi zikiwa hazijakazwa.

Nilimtazama Nawaf naye akanitazama. Halafu akachukua kitambaa chenye spiriti, akaifuta mistari yote minne, akasema kwa sauti ya kawaida, "Tutapaka upya." Mkuu alikuwa nyuma yetu hatua tano. Nilishika spana nikazikaza. Mkuu akaandika: bolti nne zimekutwa zimelegezwa.

Siku tatu nzima nilimshuku Nawaf peke yake. Nilijiambia amenidanganya, amepaka bila kuangalia, na sasa amefuta ushahidi. Mpaka nilipomsimamisha kwenye ngazi na kumuuliza jioni ile ilikuwaje, ndipo mambo yote yakanirudia.

Ilikuwa Ramadhani, kumi na mbili yake, kule kwetu maabarani. Zilibaki nne. Nilizitia kwa vidole ili niwe nimeziweka, na mzinga wa futari ukalia. Nawaf akaniambia niende nikafungue. Nikaiacha spana mezani. Nikala tende zangu, nikasali na wasichana, nikarudi nikakuta zote nne zina rangi. Nikajua amezimaliza yeye ili nisirudie kazi na uchovu wa saumu. Yeye naye aliona bolti zimeingia, spana imelazwa, akajua nimezimaliza mimi kabla ya kutoka, akapaka. Kila mmoja alimfanyia mwenzake hisani. Nilitaka kumuuliza, wallahi nilitaka, lakini unamuulizaje mtu mwenye saumu kama wewe iwapo kweli amefanya? Niliona ni kumwita mwongo. Nikatia sahihi kwamba nimekaza. Naye akatia kwamba ameona.

Marek amesimamishwa kazi tangu ile habari ya gazeti ilipotafsiriwa ikamfikia mkuu wake. Alipita kwenye ua na mfuko wa nguo zake za kazi. Nawaf anasema tunyamaze, bolti sasa zimekaa, roketi ni Agosti, na tukisema kila kitu kitafunguliwa upya tangu bolti ya kwanza. Tutaikosa roketi. Nami nitatolewa, kwa sababu sahihi ya mkazaji ni yangu.

Wewe ulikuwa unakaa na watu kama mimi mbele ya meza yako. Nifanye nini?

Ghalia

*

Muharraq, 9 Julai

Ghalia,

Sote wazima. Barua yako nimeichoma jikoni. Mambo kama hayo hayaandikwi.

Nyamaza. Kazi imekaa sawa, hakuna atakayekufa. Huyo fundi ni mtu wa nchi yake, ana chama chake cha wafanyakazi, atapata ghala jingine. Wewe ukitolewa hakuna setilaiti nyingine ya kwenda kufunga, na jina lako litakuwa limekwisha kwenye kisiwa ambacho kila mtu anamjua kila mtu. Nimeona mtu akibebeshwa jambo lisilo lake, na dunia haikusimama. Meli ziliingia kesho yake kama kawaida.

Na kama lazima mtu aseme, wahi wewe kabla ya Nawaf, useme aliyefuta rangi ni nani. Hilo ni kweli, si uongo.

Usiniandikie tena juu ya hili.

Baba yako

*

21 Julai

Baba,

Shikamoo kutoka mbali, na umpe mama busu langu.

Barua yako ilifika Ijumaa. Niliisoma mara tatu nikitafuta baba yangu yuko wapi humo ndani. Jumatatu nikaenda kwa mkuu, nikaomba na wakubwa wa kituo waitwe, nikaeleza kila kitu. Ya Nawaf sikuyasema. Aliyasema mwenyewe. Alikuwa amesimama nje ya mlango, akaingia bila kubisha akasema aliyefuta ni yeye.

Kila kitu kimefunguliwa tangu bolti ya kwanza. Roketi ya Agosti tumeikosa. Wametafuta roketi nyingine, labda Februari, labda mbali zaidi. Mkuu hakunipigia kelele, na afadhali angepiga. Nimetolewa kwenye chumba cha kazi. Sasa nakaa mezani, naandika upya karatasi za wengine, na siruhusiwi kushika spana. Kiti cha antena anakifunga mtu mwingine. Natazama kupitia kioo. Inaniuma, sitakudanganya.

Marek amerudi. Nilikwenda kumuomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia mke wake alikuwa ameacha kwenda sokoni kwa ajili ya maneno ya watu. Basi. Hakusema amenisamehe, akarudi kwenye kabati lake la simu.

Kuna kitu kimoja kwenye barua yako kinanikereketa. Umesema umeona mtu akibebeshwa jambo lisilo lake. Mtu gani, baba? Ulikuwa umesimama upande gani wa meza?

Ghalia

*

2 Septemba

Baba,

Hamjambo huko? Wiki sita sijapata barua. Mama kwenye simu anasema uko mzima ila barazani huendi, na Bu Nawaf akipita mlangoni hamuongei. Anasema unakwenda kila alasiri kwenye duka la yule Mhindi Mmalabari wa kona, unakaa, na hununui kitu. Kama umenikasirikia kwa kukukosanisha na jirani yako, niandikie unitukane. Kimya chako kinanitisha kuliko matusi.

Tunasubiri Februari.

Binti yako,
Ghalia

*

Muharraq, 19 Oktoba

Mwanangu Ghalia,

Assalamu alaikum warahmatullah. Mama yako mzima, goti limepata nafuu. Mimi mzima wa mwili. Natumaini baridi ya huko haijakuingia kifuani.

Sikukasirika nawe. Nilikuwa nasoma swali lako. Sasa nalijibu, na safari hii sijui nani atafungua bahasha, na nimechoka kujali.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Liliingia sanduku la mfanyabiashara mmoja, limezibwa kwa muhuri wa madini ya risasi. Sheria yetu ilikuwa kama yenu: muhuri unakatwa mbele ya maafisa wawili, mmoja anakata, mmoja anashuhudia. Mwenzangu alikwenda kula. Nami nilikuwa na uhakika, Ghalia. Nilikuwa nimemshuku yule mtu miezi minne, nilikuwa najua ndani mna magendo kama ninavyojua jina langu. Nikakata peke yangu. Ndani ya sanduku mlikuwa na taa za vioo. Taa tu, za msikitini. Kwa haraka ya kutafuta nikavunja tatu, nikalipigilia sanduku misumari.

Walipouliza, nilisema hamali alikuwa hapo peke yake. Sikupepesa macho. Aliitwa Moidin, mtu wa Malabari, alikuwa ananibebea chai kila asubuhi bila kutumwa. Wakamuuliza swali lile lile mara tatu kwa siku tatu. Aliyemuuliza ni mimi. Kiarabu chake kilikuwa cha kubabaisha, na kila siku mambo madogo yalibadilika, nikaandika kwamba ni mwongo. Siku ya nne akapandishwa ndege kwao. Mimi nikapandishwa cheo mwaka uliofuata, wakasema nina jicho.

Watu husema mtu kama mimi hulala vibaya. Sikulala vibaya. Nimelala vizuri miaka yote hiyo, na nikaamka kila asubuhi nikimshuku kila mtu aliyepita mbele yangu. Nilidhani ni akili. Mpaka nilipojiona nakuandikia wewe, mwanangu, umbebeshe mtu wa watu na ulale.

Yule wa duka la kona ni wa wilaya ile ile. Ameandika kwao, wameulizana, na wiki iliyopita jibu limekuja. Moidin yu hai. Ana miaka themanini, macho yamepungua, mjukuu wake ndiye atakayemsomea. Anwani ninayo hapa mbele yangu. Mwenye duka atanitafsiria barua ya kumuomba radhi, na nimeshamwambia kitakachokuwamo. Kahawa aliyonimiminia hakunipa, aliiacha ipoe, lakini atatafsiri.

Nimechana karatasi tisa. Kila nikianza, naanza na sheria za wakati ule, au na mwenzangu aliyekwenda kula, au na ujana. Nasoma nilichoandika nasikia sauti za wale waliokuwa wakisimama mbele ya meza yangu. Kati ya waliokuwa na la kweli, hakuna hata mmoja aliyeanza hivyo.

Wewe ulisimama ukasema mbele ya wakubwa wako na wageni. Hukuniandikia ulisemaje, uliandika tu kwamba ulieleza. Mimi nataka maneno yenyewe. Nijibu haraka, mwanangu, mzee yule hana miaka mingi wala mimi sina. Neno la kwanza lilikuwa lipi?

Baba yako